Kadi ya Sauti ya Mama

Mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote katika mtaa ule hakuwa na sauti. Ndiyo, umenisikia sawasawa. Alikuwa fundi cherehani, jina la utani Kasuku, na alipokuwa na miaka ishirini na mitatu madaktari walimpasua koo, uvimbe ukatoka na sauti ikatoka nao. Tangu hapo alipumua kwa tundu dogo shingoni, lililofunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Lakini anyamaze? Thubutu! Kando ya cherehani yake ilikaa kompyuta kubwa nyeupe iliyogeuka manjano kwa uzee, na chochote alichoandika Kasuku kwenye kibodi, kompyuta ilikisema. Ilikisema kwa sauti ya mama yake.

Zamani hizo kulikuwa na kituo cha kuwasaidia watu waliopoteza sauti. Mama alikwenda huko kila asubuhi kwa miezi minne, akakaa ndani ya chumba chenye kuta zilizofunikwa mablanketi, akasoma mbele ya maikrofoni neno kwa neno, silabi kwa silabi, zaidi ya elfu nne. Wiki ya tatu alishikwa na mafua, kwa hiyo maneno yote ya wiki ile yalitoka puani. Neno "kesho" lilikuwa na kikohozi mwishoni, kifupi na kikavu, na hakuna aliyejali kukifuta. Matusi mama alikataa katakata kuyarekodi. Kasuku akawa anayaunganisha silabi kwa silabi, na yalipotoka kwa sauti ile ya adabu, mtukanwa alicheka mwenyewe.

Mama alifariki miaka minane iliyopita. Siku walipomzika, Kasuku aliwakaribisha wageni ndani kwa sauti ya marehemu, na wawili kati yao walitoka mbio bila viatu.

Sasa Kasuku alikuwa na kaka, fundi wa kompyuta, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mkaidi, mwenye majivuno ya kazi yake. Watu walimwita Bisibisi kwa sababu hakutoka nyumbani bila bisibisi mfukoni, hata akienda harusini. Kila alipoingia kwa dada yake, kabla hajakaa, kompyuta ilimuuliza: "Kaka, umekula?" Naye alijibu "bado" hata kama ametoka mezani sasa hivi, maana alijua swali litafuatiwa na gombezo: "Bado kwa nini? Unataka kuniua?" Sauti ya mama kabisa. Bisibisi alikuwa amefiwa na mkewe, hana mtoto, na hakuwa na mtu mwingine wa kumgombeza.

Basi siku moja umeme ulikatika mchana, na uliporudi ulirudi na hasira. Kasuku alikuwa akimpima mteja. "Mkono wa kushoto," ikasema kompyuta, "unyooshe kido..." Pu! Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba kizima. Neno lile halikumalizika.

Bisibisi alifika akihema, akafungua kasha la mashine, akapiga magoti. Mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, ilikuwa imeungua katikati na kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa. Hiyo ilikuwa maiti. Lakini diski yenye maneno ya mama ilikuwa nzima, na kadi ilikuwa nzima pia. Kadi hiyo ndiyo iliyokuwa koo la mashine. Ilitengenezwa na kituo chenyewe, ndefu, ya kijani, na kazi yake ilikuwa kuyafungua maneno na kuyapeleka kwenye spika. Kituo kilikuwa kimeyafunga yote kwa ufunguo ili mtu asiyaibe, na ufunguo ulikaa ndani ya kadi. Bila kadi ile, diski ilikuwa sanduku la chuma tu.

Kasuku alichukua chaki ya kuchorea nguo, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi: "Mama?"

"Mama yuko salama," Bisibisi akasema, akaigonga kadi kwa ukucha. "Mwili ndio umekufa. Roho ninayo hapa. Nitamtafutia mwili mwingine, nipe wiki mbili."

Kwenye karakana yake aliihudumia kadi ile kuliko kitu chochote alichowahi kushika. Aliipulizia vumbi, akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio, akaipaka spiriti. Ilikuwa na betri ndogo ya duara pembeni. Akaing'oa kwa ncha ya bisibisi na kuitupa ndani ya kopo. Hilo la betri ndilo alilojivunia kuliko yote. Mafundi wengine huziacha kwenye mbao zinazolala kabatini, betri zinatapika, maji yake yanakula shaba, na ubao unakufa bila mtu kuugusa. Bisibisi kwa miaka thelathini hakupoteza ubao hata mmoja kwa uzembe huo. Kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Akaitia kadi kwenye mfuko wa kijivu, akaufunga, akaufungia kabatini, akalala usingizi mnono.

Wiki mbili! Jamani. Mtu huyu alikuwa anajua anachokiahidi?

Tatizo la kwanza lilikuwa tundu. Kadi ilitaka kuchomekwa kwenye tundu refu jeusi, na wenye viwanda waliacha kulitia tundu hilo kwenye mazabodi miaka mingi iliyopita. Tatizo la pili lilikuwa ule mfumo wa kompyuta. Programu ya kituo ilikubali kuishi kwenye mfumo mmoja tu, wa karne iliyopita, ambao waliouunda walikwisha kuusahau. Bisibisi aliuita Mzee, na Mzee, nakwambia, alikuwa na visirani.

Alizunguka kwa mafundi wenzake wote. Mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. Mwingine alimwonyesha mashine mpya inayong'aa taa za rangi, isiyo na tundu lolote la maana. Wiki ya tano alipata mazabodi yenye tundu jeusi, akaibeba kifuani hadi karakana, akamwekea Mzee. Mzee akaanza kuamka, akazimia. Akajaribu mara kumi na moja. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa na kasi mno. Mzee alikuwa akijaribu kuipima mbio zake, anajikwaa na kuanguka palepale mlangoni.

Wiki ya nane akapata nyingine, ya polepole. Hii Mzee aliikubali, akaamka, akapiga miayo, kisha akaandika kwamba kompyuta haina memori ya kutosha. Haina? Bisibisi alikuwa ameitilia memori mara nane ya ile ya zamani! Ilimchukua siku mbili kugundua kwamba imezidi. Mzee hajui kuhesabu kufika huko. Ukimpakulia sahani kubwa mno anaapa hujampa kitu. Bisibisi akapunguza memori, Mzee akatulia, na saa hiyohiyo mazabodi ikatoa moshi na kufa. Ilikuwa kongwe, basi. Alikaa chini sakafuni, akashika tama, akajikuta analia kwa sababu ya kipande cha ubao.

Kwa dada yake mambo yalikuwa yamegeuka. Cherehani ililia siku nzima, wateja walipimwa kwa ishara, na waliokuwa wakija kupiga soga waliacha kuja, kwani soga ya mtu mmoja ina ladha gani? Kasuku aligonga meza kwa mkasi: mara mbili ndiyo, mara tatu hapana. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alimletea simu mpya inayosoma maandishi.

"Mjomba, niongelee na mama," binti akasema alipokuwa akiondoka. "Simu inasema kila kitu. Hata kuijaribu hataki."

Bisibisi aliijaribu yeye. Sauti ilikuwa ya msichana fulani, nyororo, safi, isiyo na mafua. Kasuku aligonga mkasi mara tatu, akaichukua simu, akaitia kwenye droo ya vifungo. Akaandika kwa chaki: "Huyo simjui."

"Na haki yako," kaka yake akasema. "Nimekaribia. Wallahi nimekaribia."

Aliyemwokoa alikuwa Mama Vyuma, mwanamke mwenye uwanja wa vyuma chakavu, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Mbao za kompyuta zilifika kwake kwa magunia, zikapimwa kwa kilo, zikaenda kuyeyushwa. Kila Jumatatu Bisibisi alipanda juu ya rundo na kuchakura kabla lori halijaja.

"Fundi, utaoa hapo juu," Mama Vyuma akamwambia Jumatatu moja, mwezi wa tatu wa msako huo. "Shuka. Nina kitu nimekufichia."

Alitoa chini ya kiti chake kasha la chuma lililoshika kutu. Lilitoka kwenye mizani ya kupimia malori, ambayo ilikuwa imebadilishwa. Bisibisi akalifungua. Matundu marefu meusi, matatu, safi! Prosesa ya mwendo wa kinyonga. Kapasita hazijavimba hata moja. Nyaya za diski za mtindo uleule wa zamani.

"Mama," akasema, "niambie unataka nini."

"Sitaki kitu. Mwambie dada yako anishonee aproni, ila anipime kwa ile mashine. Mara ya mwisho mama yenu aliniambia, 'Mwanangu, kiuno kimeongezeka.' Nilicheka wiki nzima." Akajifuta jicho. "Nimemkumbuka, bwana."

Siku tano Bisibisi alifanya kazi bila kupokea mteja mwingine. Akapima boksi la umeme, akachagua memori ndogo, akatafuta kadi ya skrini ambayo Mzee aliitambua, akamlaza Mzee kwenye diski ndogo ya kwanza na kuiacha diski ya mama iwe ya pili, asije akaidhuru. Mzee aliamka mara ishirini mfululizo bila kisirani. Kadi ya kijani hakuichomeka. Alitaka mama azungumze kwa mara ya kwanza mbele ya Kasuku, siyo karakanani kwenye harufu ya lehemu. Huo nao ulikuwa ujinga wake, ijapokuwa wa upendo, na wala haukubadilisha kitu.

Jumamosi asubuhi aliibeba mashine kwa mkokoteni hadi kwa dada yake. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, vipande vya nguo vimefungwa robota. Kasuku alivaa gauni la bluu ambalo Bisibisi alikuwa hajaliona tangu harusi ya binti. Mahali pa kompyuta palikuwa pamefutwa na kutandikwa kitambaa kipya.

Bisibisi akaweka, akaunganisha, akaitoa kadi kwenye mfuko wake wa kijivu na kuichomeka kwenye tundu la katikati. Iliingia kwa mlio mtamu. Akawasha. Mzee akaamka. Kadi ikatambuliwa, jina lake likaandikwa kwenye skrini, na Kasuku akamfinya kaka yake bega mpaka likauma. Programu ikafunguka na rangi zake zilezile za kijivu. Kasuku akavuta kibodi, akaandika haraka, bila kufikiri, akabonyeza.

Kimya. Kisha maandishi mekundu: Ufunguo haupo kwenye kadi.

"Subiri," Bisibisi akasema. "Imelegea tu."

Akazima, akachomoa, akasugua meno, akachomeka tundu la kwanza, akawasha. Ufunguo haupo kwenye kadi. Tundu la tatu. Ufunguo haupo. Akafungua diski ya mama, na maneno yalikuwepo, elfu nne na ushee, yamejipanga majina yao kwenye skrini: kaka, kata, kazi, kesho, kiuno, kula. Kasuku alinyoosha kidole kwenye "kesho." Bisibisi akaifungua, na spika ikatoa mchakacho kama wa mchanga unaomwagwa kwenye bati. Akafungua "kula." Mchanga. "Mwanangu." Mchanga tu.

Alichomoa kadi mara ya nne, akaigeuza, na hapo macho yake yakatua pembeni, kwenye kile kiti cha betri, cha duara, kilicho wazi. Alijua kabla hajakubali kujua.

"Naja," akasema. Akatoka nje na simu yake, akasimama ukutani penye jua.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuuliza, mhandisi mstaafu aliyewahi kufanya kazi kwenye kile kituo. Namba yake alikuwa nayo tangu mama alipokuwa hai. Hakumpigia miezi yote ile mitatu, kwani yeye Bisibisi aulize kitu gani kuhusu kadi?

"Kadi za kijani?" mhandisi akasema kwa sauti ya kizee. "Nzuri zile. Mradi betri iko mahali pake."

"Na ikitolewa?"

"Loo! Betri haitolewi kadi ikiwa imezimwa, bwana. Ufunguo unashikiliwa na ile betri. Ukiitoa, kwa dakika chache tu umefutika. Tulifanya makusudi, asiyehusika asiuchokonoe. Umeitoa?"

"Hakuna nakala ya funguo?"

"Kulikuwa na daftari. Kituo kilipofungwa makaratasi yote yalichomwa, nilisimama pale nikiona. Maneno yale hayafunguki tena, hata mimi niliyeyafunga siwezi." Akakohoa. "Usijitese. Betri ile ingekufa yenyewe siku moja."

"Siku gani?"

"Nani ajuaye? Mwakani. Miaka sita. Mwambie mwenyewe kwamba imechoka ikafa. Wala hutakuwa umesema uongo mkubwa."

Bisibisi akashukuru, akakata. Akasimama pale akitazama viatu vyake. Betri imechoka ikafa. Maneno matatu tu. Kasuku angelia, angefuta machozi, wangelaani umeme pamoja, na yeye Bisibisi angebaki kuwa fundi ambaye hajawahi kuua ubao. Nani angejua? Akajikaza kisabuni, akayafanyia mazoezi maneno yale matatu mdomoni, akarudi ndani.

Kasuku alikuwa ameketi mbele ya skrini, mikono juu ya kibodi, akimsubiri. Sentensi aliyoiandika mwanzo ilikuwa ingali pale juu ya yale maandishi mekundu. Iliuliza: Kaka, umekula?

"Niliitoa mimi," Bisibisi akasema.

Dada yake akamtazama.

"Betri. Siku ileile ya kwanza. Niliitoa ili kadi isiharibike, nikaitupa kwenye kopo, na ndiyo iliyokuwa imeushika ufunguo. Haikuungua, Kasuku. Siku ile umeme ulipoipiga mashine, mama alitoka mzima. Ni mimi. Miezi mitatu nimekuzungusha natafuta mwili, na mama nilikwisha kumzima mwenyewe usiku wa kwanza. Hakuna nakala. Hakuna mtu wa kumwendea. Nisamehe, au usinisamehe, sijui hata niombe nini."

Kasuku hakuigusa ile chaki. Hakugonga mkasi mara mbili wala mara tatu. Mabega yalimtikisika, na kwenye kile kitambaa cha shingoni pumzi ilipita ikitoka na kuingia kwa kasi, kwa mwanya ule ambao hautoi hata kilio. Bisibisi alitaka amtukane. Angefurahi kutukanwa, silabi kwa silabi, hata siku nzima. Alisimama tu na bisibisi yake mkononi, hana pa kuiweka.

Mwishowe Kasuku aliinuka, akazima mashine kwa swichi ya nyuma. Feni ya mizani ya malori ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Akaishika pembe iliyojikunja ya kile kitambaa kipya, akainyoosha vizuri. Kisha akavuta droo ya vifungo, akachakura mpaka chini, akaitoa simu.

Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, maana herufi za pale hakuzizoea.

"Kaka, umekula?" akauliza msichana yule asiyejulikana, kwa furaha.

"Bado," Bisibisi akasema. Na kwa kweli alikuwa hajala tangu jana.

Kasuku akaandika tena, akafuta, akaandika. Akaisogeza simu katikati ya meza ili isikike.

"Chakula kiko jikoni," msichana akasema. "Kesho mwambie Mama Vyuma aje nimpime aproni yake."

Lakini baada ya "kesho" hakukohoa, alipitiliza tu moja kwa moja, na ndugu wale wawili, waliokuwa wameinua vichwa pamoja kukingoja kile kikohozi, waliendelea kukingoja hata sentensi ilipokwisha.